Luanda Kotieno hadi Mbita na gari na watoto: pandeni feri, lakini si kwa sababu mnayoambiwa

Dada uliyeuliza: unatoka Nairobi na mzee wako, watoto watatu na mama mkwe, gari dogo, mnaelekea kisiwa cha Rusinga likizo ya Agosti, na unataka kujua kama mvuke Ziwa Victoria kwa feri pale Luanda Kotieno au mzunguke kwa barabara. Naona waliokujibu wamegawanyika. Kuna wanaosema feri itawaokolea masaa, na kuna wanaosema usithubutu kupeleka watoto majini. Mimi nimeoa upande ule na njia zote mbili nazijua nikiwa na watoto kwenye kiti cha nyuma. Jibu langu: mkienda pandeni feri, mkirudi shikeni barabara. Ila msiipande eti kwa kuwa ni njia ya mkato.

Tazama ramani. Ghuba ya Winam imeingia ndani ya nchi mpaka Kisumu, na Luanda Kotieno (Siaya) na Mbita (Homa Bay) zinatazamana karibu na mdomo wake. Ukitokea Kisumu bila feri utapita Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, ndipo Mbita. Kwa hivyo mtu akihesabu kilomita anafurahi, na kweli zinapungua. Saa ndizo hazipungui. Feri ina safari chache kwa siku, haibebi magari mengi, na ukikosa nafasi utasubiri inayofuata. Kuvuka kwenyewe ni kama saa moja. Jumlisha na kufika mapema ili ushike foleni, utakuta yule aliyezunguka Kendu Bay ameshakula ngege Mbita na anachokonoa meno. Tena mwenye haraka ya Rusinga akitoka Nairobi hana haja ya kuiona Kisumu: Mai Mahiu, Narok, Bomet, Kisii, Rongo, Homa Bay, Mbita.

Feri ni ya kupandwa kwa ajili ya feri. Watoto wa Nairobi maji mengi waliyoyaona ni ya bwawa la kuogelea, halafu unawaweka katikati ya ziwa lenye ukubwa wa kilomita mraba zaidi ya 68,000, ambalo Kenya inamiliki karibu asilimia 6 tu. Wangu walinyamaza kama dakika kumi, jambo ambalo halijawahi kutokea ndani ya gari.

Mpango wenyewe uwe hivi. Siku ya kwanza ni Nairobi hadi Kisumu, kama kilomita 350, mlale hapo. Usipange kuwahi feri ya jioni siku hiyohiyo, kwa sababu malori ya kati ya Naivasha na Nakuru hayajui ratiba yako. Asubuhi mapema tokeni Kisumu, mkifika Kisian mkunje kushoto njia ya Bondo. Mtapita Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana pale Seme (mkiwa na muda simameni, mkichelewa piteni, hayaendi popote). Kisha Ndori, kushoto tena, mpaka majini. Asubuhi ina faida nyingine: ziwa huwa limetulia. Mchana upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani na mawimbi yanainuka, na mama mkwe akitapika hapo likizo imeisha. Siku moja kabla, piga simu uulize kama feri inafanya kazi na inaondoka saa ngapi. Ratiba ya mwaka jana usiiamini. Kuna siku ya matengenezo, na kuna siku gugumaji limesukumwa na upepo likajaa gatini, mnabaki kutazama zulia la kijani na injini inaunguruma bila kwenda.

Sasa usalama, maana hapa ndipo nimeona majibu mepesi sana.

Abiria wote wateremke kabla gari halijapanda. Dereva aingie peke yake, vioo vimeshushwa, mkanda umefunguliwa. Utingo atasimama mbele yako akikuita kwa vidole, kata kulia, nyoosha, njoo, njoo, kisha anapiga boneti kofi moja: hapo. Magari yanapangwa yakikaribia kugusana, halafu pikipiki zinachomekwa katikati na magunia ya omena yanajaza kilichobaki. Nilishawahi kuona jamaa amekaa kwenye gari lake akidhani anastarehe, akitaka kutoka mlango unafunguka upana wa kiganja tu. Mtoto asiwe ndani ya gari katika hali hiyo hata dakika moja, hata kama amelala, hata kama kunanyesha. Mkumbuke feri ya Likoni kule Mombasa, Septemba 2019: gari lilirudi nyuma na kutumbukia majini likiwa na mama na binti yake, na ilichukua karibu wiki mbili kuliopoa. Kwa hivyo hendibreki ivutwe mpaka mwisho, gari liachwe kwenye gia (au P kama ni otomatiki), na usiondoke mpaka uone kigingi cha mbao kimewekwa chini ya gurudumu. Kama hakijawekwa, omba. Hakuna atakayekucheka. Zima na king'ora, la sivyo mtetemo wa injini utakifanya kilie njia nzima.

Jaketi za kuokoa maisha zipo, lakini za kiasi cha mtoto ni bahati nasibu. Nunua za kwenu Nairobi, zenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Kipimo ni rahisi: mvalishe mtoto, ufunge, kisha shika jaketi mabegani ulivute juu. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa, ndani ya maji litamponyoka. Yale maboya ya kupuliza ya mkononi ni ya kuchezea, yaacheni nyumbani. Na mkiona feri imejazwa kupita kiasi, shukeni, nauli isiwaume. Feri ya Tanzania, MV Nyerere, ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018 ikiwa imebeba kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 walikufa katika ziwa hilihili.

Mwenzetu aliyesema "kama umevuka Likoni umevuka kote" hajakosea sana, ila Likoni ni dakika chache na mtu wa miguu halipi. Huku kila kichwa kina nauli yake na gari lina yake kulingana na ukubwa. Beba pesa taslimu, mtandao wa simu katikati ya maji una tabia zake.

Mkishafika, Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja, mnaendesha tu. Wapelekeni watoto kwenye kaburi la Tom Mboya, yule mwanasiasa aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo lake lina umbo la risasi, nao watauliza maswali mpaka usiku. Ni kisiwa hichohicho Mary Leakey alichopata fuvu la Proconsul, jamii ya nyani wa kale, mwaka 1948. Kuogelea ufukweni, hapana: kichocho kipo. Na malaria ya kando ya ziwa si mzaha kwa mtoto aliyekulia Nairobi, kwa hivyo ongea na daktari kabla ya kusafiri na mlale ndani ya neti kila usiku.

Kurudi, narudia, ni barabara ya Kisii na Narok. Jumatatu ya kazi na shule haiwezi kutegemea kama injini ya feri imeamka vizuri.

Uliuliza pia kuhusu visiwa vya Ssese, upande wa Uganda. Gari huvuka kwa feri kutoka Bukakata, upande wa Masaka, hadi Luku, lakini kwa gari la Kenya utahitaji kadi ya manjano ya COMESA (bima ya gari ya kuvukia mipaka) na karatasi za gari mpakani. Pamoja na watoto watatu, mwaka huu ningeacha. Na wanaokushauri ufuate kivuko cha Kigongo–Busisi kule Mwanza, Tanzania, wamepitwa: daraja lilifunguliwa Juni 2025.

Ile hoteli ya Rusinga uliyosema umeshalipia usiku uleule wa kutoka Nairobi, wapigie wasogeze iwe usiku unaofuata. Agosti vyumba vya Kisumu navyo hujaa, kwa hivyo fanya leo.