Tela likishalala masika yote, anza na magurudumu

Mara ya kwanza tulipovuta tela letu la kulala kutoka Mwanza kwenda Serengeti, tulifika Magu tu. Dereva mmoja wa bodaboda alitupita, akapiga honi na kunyoosha kidole kwenye gurudumu la kushoto la tela. Nilisimama pembeni. Kabla sijainama nilishaisikia harufu ya grisi iliyoungua, na habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa ya moto mpaka maji niliyoimwagia yakachemka. Watoto walikaa chini ya mti wakala mayai ya kuchemsha tuliyokuwa tumepanga kuyala geti la Ndabaka, la kuingilia Serengeti. Mama yao hakusema neno, na ukimya ule uliniuma kuliko lawama.

Fundi aliyekuja kutufungulia aliifuta beringi kwa kitambaa, akaniwekea kiganjani. Kwenye chuma chake kulikuwa na madoa ya kutu yaliyopangana kwa nafasi sawasawa, kama alama za meno. "Kaka," akaniambia, "hii haikufia barabarani. Imefia nyumbani, tela likiwa limesimama." Unyevu uliingia kupitia sili iliyochoka, ule mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi, rola zikakaa mahali pamoja miezi mitatu, kutu ikala palepale zilipogusa. Safari ilikuja kumalizia kazi.

Naandika sasa kwa sababu mvua zinakatika na likizo ya Juni inakaribia. Ndiyo miezi ambayo nyumbu huwa upande wa magharibi, kuzunguka mto Grumeti, kwa hiyo sisi wa Mwanza tunawafikia kwa njia fupi kabisa. Wengi mtaanza kufunua matela yenu wiki hizi. Naomba msirudie kosa langu.

Tela langu lilitumika Uingereza kabla halijanifikia, na kitabu chake kimejaa maonyo ya majira ya baridi: mwaga maji yote, fungua koki, kwa maana maji yakiganda hutanuka na kupasua mabomba. Barafu sisi hatuna. Wenzetu wanafungua matela baada ya baridi, sisi tunafungua baada ya masika, na kinachotutafuna ni unyevu. Hata hivyo ushauri ule wa kumwaga maji unafaa hata Buswelu. Maji yaliyokaa kwenye tanki tangu Machi huacha ute kwenye kuta, na ute huo hautoki kwa kusuuza tu. Mimi huweka klorini ya kufulia isiyo na manukato, kama mililita 60 kwa tanki la lita 60, najaza maji, nafungua kila bomba mpaka harufu ifike, naacha usiku kucha, kisha nasuuza mpaka harufu iishe.

Lakini anza na magurudumu, na anza wiki tatu kabla ya safari. Wiki tatu si nyingi. Beringi za tela lililotoka nje ya nchi hazipatikani kila duka la spea mjini, na ikibidi ziagizwe Dar utahitaji siku za kusubiri mzigo. Inua upande mmoja kwa jeki, zungusha gurudumu kwa mkono huku umetega sikio. Likikwaruza, kuna tatizo. Lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, kuna tatizo pia. Hata likiwa kimya, lifungue. Grisi ya zamani itolewe yote, beringi ioshwe kwa mafuta ya taa na ikauke kabisa, halafu fundi aisindilie grisi mpya kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Fundi akiipaka kwa nje tu kama anapaka siagi kwenye mkate, mwambie arudie, na usione haya. Sili badilisha kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Kila nikikumbuka ile ya Magu, naona hiyo ndiyo hela ninayoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote.

Ukifika hapo angalia breki. Nilikuwa na tabia ya kuegesha tela na kuvuta hendibreki, na mwaka mmoja viatu vya breki viligandana na dramu kwa kutu hata gari likashindwa kulisogeza. Siku hizi hendibreki naiachia, magurudumu nayawekea mawe mbele na nyuma. Mwanza mawe hatukosi.

Matairi yanadanganya. Tela halitembei sana, kwa hiyo kashata, yaani meno ya tairi, zinabaki ndefu na unaona tairi kama jipya, kumbe mpira umezeeka kwa jua na miaka. Soma ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Utakuta namba nne: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha pinda ubavu kwa vidole utafute nyufa ndogo ndogo. Wapo watakaokuambia linaweza kwenda miaka kumi. Mimi likifika miaka sita silisafirii tena na watoto wangu, na la akiba nalihesabu vilevile.

Tela letu hukaa chini ya mwembe, na mwembe ni kivuli kizuri chenye gharama yake. Majani hukusanyika juu ya paa, yanashika maji, na maji hutafuta mahali silikoni ilipoachia. Nilifikiri turubai lingesaidia, lakini nililibana mpaka chini, joto na unyevu vikafungiwa humo, nikakuta ukungu mweusi nyuma ya magodoro. Ukifungua tela, ingia ndani ubonyeze kuta kwa kidole gumba, hasa kwenye kona na chini ya madirisha. Ukuta mzima ni mgumu. Ukibonyea kama kadibodi iliyolowa, maji yameshaingia kwenye mbao, na hiyo ni kazi ya fundi seremala kabla ya kufikiria safari. Magodoro yaanike jua kali siku mbili, pande zote.

Kwenye jiko nilikuta kiota cha nyigu, udongo mgumu umeziba bomba la kichomeo. Nilichokiona kwanza ni moto: ulikuwa wa njano na unatoa masizi, badala ya bluu. Ndani ya chumba kidogo kama kile, moto wa namna hiyo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo usipikie mpaka kichomeo kisafishwe. Mpira wa gesi ukiwa mkavu na wenye nyufa, tupa. Fungua mtungi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungio, tazama mapovu. Kamwe usitumie kiberiti kutafuta uvujaji.

Taa hazichukui muda: kwangua ile kutu ya kijani kwenye soketi, hakikisha waya wa ethi umeshika chuma safi, mtu mmoja akanyage breki na mwingine asimame nyuma. Betri iliyojaa, ikipumzika bila chaja, ionyeshe kama volti 12.6.

Baada ya hayo tunalala uani usiku mmoja, familia yote, tukipika humo humo. Mwaka juzi ndipo tulipogundua wavu wa dirisha umechanika. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi, waliifuata taa, na asubuhi tulikuta wamerundikana chini yake kama pumba. Wao hawaumi, ila panapopita wadudu hao mbu naye anapita, na kule hutapata fundi wa kushona wavu.

Siku ya kupakia, vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli na mbele yake kidogo. Tela la kilo 1,000 kama langu la Uingereza linafaa kulalia kiungio cha gari kwa kilo 50 hadi 70. Mimi huazima mizani ya kupimia magunia ya mchele na kuiweka chini ya mguu wa mbele. Uzito ukizidi nyuma, tela litayumba kila basi la Musoma linapokupita, na ukikanyaga breki kwa hofu ndiyo unaliharibu zaidi.

Simama Kisesa. Kaza nati za magurudumu, kisha sogeza mgongo wa mkono kwenye kila habu, kushoto na kulia. Uvuguvugu ni kawaida. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, usiendelee. Rudia Magu, rudia Lamadi.

Na ukifika Ndabaka, waulize askari wa getini kama mvua imenyesha ndani. Udongo wa mbuga, ule mweusi, ukilowa hushika magurudumu ya tela kama gundi. Mwaka jana ilinyesha usiku wa kuamkia siku yetu, kwa hiyo tela tuliliacha Lamadi kwenye ua wa mwenyeji wetu, tukaingia na gari peke yake, jioni tukarudi kulala.