Misimu ya Picha Mitandaoni na Namna ya Kuzoeleka Kundini

Nimekuwa kwa muda mrefu katika makundi ya mtandaoni ya watu wanaopenda kupiga picha, na katika baadhi yake nimekabidhiwa kazi ya kusimamia mazungumzo. Nilichokishuhudia tena na tena ni kwamba mgeni hajioni mwenyeji siku anayopata laiki nyingi, bali siku anapotumia neno la kundi mahali pake, watu wakamjibu kana kwamba alikuwapo tangu mwanzo. Ndiyo maana wanaoniuliza namna ya kuzoeleka upesi huwashauri waisikilize misimu ya kundi, yaani maneno yake ya utani, kabla ya kuhangaikia kamera mpya.

Misimu ya picha ina jambo ambalo ile ya vijiweni haina: sehemu yake kubwa hutanguliwa na alama ya reli (#). Chris Messina, mtaalamu wa teknolojia wa Marekani, alipendekeza matumizi ya alama hiyo kwenye Twitter mnamo Agosti 2007, na Instagram, iliyofunguliwa Oktoba 2010, iliipokea Januari 2011. Tangu hapo neno la utani huwa pia njia, kwani ukiligusa tu unafikishwa kwenye picha za watu usiowajua ambao wamefurahia kitu kile kile.

Chukua #tbt, kifupi cha maneno ya Kiingereza "throwback Thursday", inayoambatana na picha za zamani zinazotundikwa siku ya Alhamisi. Siku nyingine za wiki wanaong'ara ni wenye lenzi nzuri. Lakini Alhamisi, picha iliyofifia, yenye kidole cha mpigaji kwenye kona na tarehe ya rangi ya machungwa iliyochapwa na kamera upande wa chini, huvuta maoni mengi kuliko machweo yaliyopigwa kwa ustadi. Watu huulizana nani alishona nguo ile na yule mtoto anayelia pembeni sasa yuko wapi. Ikiwa unaona haya kuonyesha kazi zako, anzia hapo, kwa kuwa siku hiyo hakuna anayepima ufundi.

Kuna misimu inayohitaji uangalifu zaidi. Instagram ilipata umaarufu wa mapema kwa filta zake zinazobadilisha rangi za picha, na #nofilter (bila filta) ikawa njia ya kujigamba kwamba picha haikuguswa. Majigambo hayo hayakuchelewa kugeuzwa mzaha: wapo wanaoiandika chini ya picha ambayo mbingu zake zimekolezwa hadi kuwa zambarau, na kundi zima linaelewa. Anayekimbilia kusahihisha hapo anajitambulisha kuwa hajasoma mazungumzo ya nyuma, kwa hiyo soma kwanza, hata kwa juma zima, ndipo useme.

Misimu ninayoipenda kuliko yote, hata hivyo, ni ile isiyojulikana nje ya kundi. Katika kundi letu mwanachama mmoja alikuwa na bahati mbaya ya kunasa kiwiko cha mtu katika kila picha ya sherehe, na leo kitu chochote kinachovamia fremu, awe paka au gari, kinaitwa kiwiko. Neno hilo lilidumu kwa sababu mwenyewe ndiye aliyelikumbatia na kuanza kulitumia dhidi yetu. Kama angenyamaza, ningeshauri liachwe siku hiyo hiyo, maana utani unaojengwa juu ya kosa la mtu asiyecheka huwaunganisha wengine kwa gharama yake.

Vilevile, usidhani kwamba kila ukaribu unaoletwa na lugha ya siri ni wa heri. Mwaka 2012 Instagram ilipozuia alama zilizotukuza kujidhuru na kujinyima chakula, baadhi ya watumiaji walipindisha tahajia ili wasigunduliwe, na maneno yale yaliyopindishwa yakawakutanisha wenyewe kwa wenyewe. Ukiona kundi linabadilisha maneno kila mara ili watu wa nje wasielewe, chunguza kinachofichwa kabla hujavutiwa na uchangamfu wao.

Kwa wanaosimamia makundi, nina ombi moja. Mtu akiuliza maana ya SOOC, mjibuni pale pale mbele ya wote kwamba ni picha iliyotoka kwenye kamera bila kuhaririwa, kisha mwombeni atundike moja ya kwake. Jibu la faraghani humsaidia yeye peke yake, ilhali wapo wengine wasiojua waliokuwa wakisubiri mtu mwenye ujasiri wa kuuliza. Jibu la kejeli, kwamba aende akatafute mwenyewe, mimi hulifuta bila majadiliano, hata likiwa limeandikwa na mwanachama mkongwe.