Anti, kiwewe cha mama kiko kwenye damu yangu?

SWALI: Shikamoo anti. Mama yangu alikimbia Rwanda 1994 akiwa na mimba yangu, ndugu zake karibu wote waliuawa, mimi nikazaliwa huku Ngara miezi michache baadaye. Sikuona chochote lakini mlango ukibamizwa tu moyo unaenda mbio, usingizi shida, na kila ikifika Aprili mama anajifungia chumbani haongei na mtu. Saa hizi nina mimba ya miezi mitano, mawifi wanasema huu ni ugonjwa wa ukoo na mtoto lazima ataupata. Ni kweli? – Mama kijacho, Ngara

JIBU: Marahaba mwanangu na pole sana, hayo maneno ya mawifi yameniuma hata mimi. Kuna kitu kinarithiwa, siwezi kukudanganya, ila sio ugonjwa wenyewe, ni jinsi mwili unavyoshtuka na unavyochelewa kutulia. Wamarekani walichunguza zaidi ya jozi 4,000 za mapacha waliokuwa jeshini enzi za vita vya Vietnam, majibu yakatoka 1993, kwenye tofauti za dalili za kiwewe kati ya mtu na mtu, jeni (vinasaba tunavyorithi kwa wazazi) zilichangia kama asilimia 30 hivi. Na hapo jirani tu, kambi ya Nakivale Uganda, watafiti walipima wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 400, wakakuta wenye aina fulani ya jeni inaitwa COMT wanaumwa hata kwa mikasa michache, lakini mikasa ikishazidi sana hakuna jeni ya kumkinga mtu, karibu wote wanaugua. Kwa hiyo mama yako haumwi sababu ya ukoo, anaumwa sababu ya aliyofanyiwa.

Sasa wewe uliyekuwa tumboni. Utafiti wa 2014 ulipima wanawake wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari, pamoja na watoto wao, kotisoli (ile homoni ya stresi) ikaonekana iko chini kuliko kwa wenzao ambao hawakuwepo kwenye mauaji, na juu ya jeni kulikuwa na alama za kikemikali, yaani jeni ni ileile ila inawashwa na kuzimwa tofauti. Lakini walikuwa akina mama 25 kila upande, halafu hao watoto wamelelewa na mama aliyefiwa na ukoo mzima, nani atatenganisha ya tumboni na ya nyumbani? Mtoto wako yuko kwenye tumbo lingine, na nyumba yake bado hamjaijenga.

Kliniki mwambie nesi kuhusu usingizi na kushtuka, usingoje akuulize, na usinunue dawa za usingizi dukani. Nakivale hiyohiyo wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwatibu wenzao, mtu anasimulia maisha yake kwa mpangilio toka kuzaliwa, ya furaha na ya maumivu, na majibu ya 2008 yalionyesha wengi walipata nafuu. Kwa hiyo hata mama hajachelewa. Kiwewe hiki Rwanda wanakiita ihahamuka, hilo neno huenda mama analijua, anza nalo, na usisubiri Aprili.