Kuhema kwa mjamzito: maswali yenu ya wiki hii

Nina mimba ya wiki 10, tumbo bado halijaonekana, lakini ngazi za ghorofa mbili zinanimaliza pumzi. Kabla ya hapo nilikuwa nakimbia kilomita 8. Mapafu yangu yana nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa unavyoeleza, mapafu hayana kosa. Homoni ya projesteroni inauchochea ubongo uongeze upumuaji, na kadiri mimba inavyokua, hewa unayovuta kwa dakika huongezeka kwa asilimia 30 hadi 50. Hewa hiyo ya ziada hushusha kaboni dayoksaidi katika damu yako, na ile ya mtoto hupata njia nyepesi ya kupita kwako na kutoka. Wewe unaisikia kama kuhema. Moyo nao umeshaongeza kasi, tena mapema, kabla nguo hazijaanza kukubana.

Mwanamke anayeendelea na mazoezi hubaki na uwezo wa juu wa kutumia oksijeni karibu uleule, ukiuhesabu kwa lita. Ukiugawa kwa kilo zake, unashuka, kwa sababu kilo zimeongezeka. Ndiyo maana mlima na ngazi humchosha kuliko baiskeli ya mazoezi au kuogelea: kwenye ngazi anajibeba mwenyewe, kwenye maji anabebwa.

Hujaniuliza kuhusu damu, lakini nitasema. Katika mimba, maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, hivyo damu huwa nyepesi. Hilo ni la kawaida. Wingi wa damu kushuka chini ya gramu 11 kwa desilita (10.5 katika miezi mitatu ya kati) si la kawaida. Ukihema ukiwa umekaa, viganja vikapauka, au ukashindwa kulala bila kuinua mito, nenda kliniki leo. Vidonge vya kuongeza damu usivisindikize na chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Na udongo wa kula, ule unaouzwa sokoni kwa mafungu, acheni. Nimeandika hili mara nyingi na nitaendelea kuliandika, kwa sababu wanawake wanalaumiwa kuwa wavivu kumbe hawana damu.

Saa yangu ya mkononi inaonyesha mapigo 150 nikitembea haraka. Si nimesikia yasizidi 140? (Msomaji, Nairobi)

Swali hili linaletwa kila mwezi, na jibu halijabadilika. Kikomo cha 140 kilitolewa mwaka 1985 na chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, na chama hichohicho kikakiondoa mwaka 1994. Moyo wa mjamzito hata akipumzika huenda mbio kwa mapigo 10 hadi 20 zaidi, kwa hiyo namba moja haiwezi kuwafaa wote. Pima kwa mdomo wako. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima huku unatembea, endelea. Maneno yakikatikakatika, punguza mwendo.

Mke wangu ana miezi saba. Nimemkataza matembezi ya asubuhi. Nimefanya sawa? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Kama mkunga wake hajamkataza, mwache atembee, na ukiweza mfuatane. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilipendekeza dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani kwa wajawazito wasio na tatizo, na mazoezi hupunguza hatari ya kisukari cha mimba. Nawe nijibu: ndoo ya maji ya lita 20 anaibeba nani hapo nyumbani? Wengi wanaowakataza wake zao kutembea hawajawahi kuwakataza kubeba maji. Ibebe wewe.

Naweza kufanya mazoezi ya tumbo nikiwa nimelala chali?

Baada ya wiki ya 20 hivi, usikae chali kwa muda mrefu. Mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Nakimbia alfajiri kabla ya kula chochote. Kuna ubaya? (Msomaji, Arusha)

Upo. Mtoto huchukua sukari mfululizo, na misuli yako inaitaka wakati huohuo. Ukiwa na mimba kubwa, sukari hushuka haraka zaidi ukifanya mazoezi kwa muda mrefu. Kula ndizi, kunywa maji, ndipo utoke.

Faith Kipyegon, mkimbiaji wa Kenya, alizaa na akarudi kushinda. Nami nianze lini baada ya kujifungua?

Alijifungua Juni 2018, akapata medali ya fedha ya mita 1500 katika mashindano ya dunia ya Doha Oktoba 2019, na dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo ikaja 2021. Hesabu miezi hiyo kabla hujajilinganisha naye, na kumbuka kuwa kukimbia ndiyo kazi yake. Ukizaa salama, matembezi mepesi unaweza kuyaanza ndani ya siku chache; mbio zisubiri mpaka mkunga akupime. Aliyepasuliwa afuate ratiba ya daktari wake.

Nimeambiwa kondo la nyuma limekaa chini. Niendelee na mazoezi?

Usiendelee mpaka daktari aliyesoma picha yako aseme. Kifafa cha mimba, upungufu mkubwa wa damu na mlango wa kizazi uliolegea ni hivyohivyo. Na hata wewe usiye na tatizo lolote: damu ikitoka, chupa ya uzazi ikipasuka, kifua kikiuma, kizunguzungu kikikushika au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, simama hapohapo, uende hospitali.