Ukikataliwa kufuta waya nyuma ya bi harusi

Pole ndugu, umeuliza mbona AI ya kuhariri picha inagoma kufuta waya wa umeme nyuma ya bi harusi wakati hujaandika chochote kibaya. Huenda shida ni mabega yake yaliyo wazi, maana kichujio cha AI, kile kinachozuia picha za uchi, hakisomi maneno tu, kinakagua na picha yenyewe na hata matokeo kabla hujaonyeshwa, sasa kikiona ngozi nyingi kinadhani uchi kinafunga, na inaniuma kweli maana bega la bi harusi si uchi jamani! Jaribu kuzungushia waya peke yake, kaa mbali na bega, usiandike maelezo. Ikigoma tena rudi Content-Aware Fill ya Photoshop, zana inayojaza sehemu uliyochagua kwa kuiga picha iliyo kando yake, ipo tangu 2010, inafanya kazi hapohapo kwenye kompyuta yako na haina kichujio, kwa waya inatosha kabisa.