Jibu: Mchezaji kupitia timu 12 si lazima awe mbovu

Mkuu, umeuliza Mike Sillinger, yule Mkanada wa hoki ya barafu, alikuwa na kasoro gani hadi akachezea timu 12 za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Binafsi naona hakuwa na kasoro. Mbovu hafikishi mechi zaidi ya 1,000 kwenye ligi ile.

Sisi wa Dar tumezoea mambo ya Simba na Yanga: mchezaji hakubali, dili linakufa. Kule mkataba wako ndio unaobadilishwa kati ya klabu na klabu, na wewe huulizwi, labda uwe na kipengele cha kukataa, ambacho kwa kawaida hupewa mastaa. Sillinger mwaka 2003 alipelekwa Dallas, na siku hiyohiyo Dallas wakamsukumia Phoenix. Fikiria mke na watoto hapo! Alichaguliwa na Detroit mwaka 1989, akamalizia New York Islanders, na katikati ya safari alibadilishwa mara nyingi. Alitakiwa kila mahali kwa sababu aliweza kazi chafu, hasa kugombea kile kisahani cheusi refa anapokidondosha.

Wanaohangaika kweli ni wachezaji wa kiwango cha chini yake. Wengi wana mkataba wenye mishahara miwili: ukiwa NHL unalipwa mkubwa, ukishushwa AHL, ligi ya daraja la chini yake, unalipwa mdogo. Chini zaidi kuna ligi nyingine, ECHL. Wakichoka kupandishwa na kushushwa, wengi hukimbilia Ujerumani, Sweden au Finland, ambako ligi zinalipa vizuri tu.