Gari huchemka kwenye mlima wa Kericho tu: nianzie wapi?

Swali: Nina Toyota Fielder ya 2005, injini ya 1NZ. Kisumu hadi Awasi mshale wa joto hutulia chini ya nusu. Nikianza kupanda kwenda Kapsoit na Kericho mshale hukaribia H (moto), na nikisimama nakuta kitanki cha akiba kimefurika. Naongeza maji ya bomba tu. Fundi alishatoa themostati (mlango wa maji unaofunguka yakipata joto), lakini hali ni ile ile, na sasa anataka kufungua hedi (sehemu ya juu ya injini). Sijui magari, ila nataka kujifunza. Nikague nini mwenyewe? – Msomaji, Ahero

Jibu: Hedi isiguswe bado. Anza na kifuniko cha rejeta (kipoza-maji cha mbele ya gari), spea ya bei ndogo kuliko zote tutakazotaja hapa.

Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria huchemka hapo kwa nyuzi 96 hivi. Kericho, karibu mita 2,000, huchemka kwa 93. Injini yako ikiwa nzima hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo huko juu imebakiwa na nyuzi 3 tu. Kinachoiokoa ni shinikizo. Kifuniko chenye alama ya 1.1 (kipimo cha shinikizo) hubana maji yasichemke hata yakipita nyuzi 115. Raba yake ikikauka au springi ikilegea, shinikizo hutoroka, maji huchemka mapema na kusukumwa hadi kitanki kifurike. Bondeni huoni kitu kwa sababu injini haijabebeshwa mzigo.

Kikague asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Ukikifungua ikiwa moto, mvuke utakuunguza uso. Tazama raba kama ina nyufa au imebonyea, kisha vuta kwa kucha kile kivali kidogo cha katikati: kinapaswa kufunguka na kurudi chenyewe. Kivali kikikwama, maji ya akiba hayarudi kwenye rejeta, na asubuhi utakuta hozi ya juu, ile itokayo kwenye injini kwenda rejeta, imenywea kama chupa ya plastiki iliyonyonywa. Kwa umri wa gari lako, ningebadilisha tu. Nunua cha 1.1 kile kile. Cha namba kubwa zaidi hakiongezi usalama, kinatafuta tu hozi ya kupasua.

Kisha tazama rejeta kwa mbele, kati yake na kondensa ya AC (kipoza kinachofanana nayo kilicho mbele yake). Wadudu wa ziwani, vumbi na makapi ya miwa hujaa hapo mpaka upepo haupiti. Osha kwa hozi ya kawaida, ukisukuma maji kutoka upande wa injini kwenda nje. Pampu ya pale wanapoosha magari hulaza mapezi (vibati vyembamba) ya rejeta, na hapo umejiongezea tatizo. Washa AC injini ikinguruma: feni isipozunguka, angalia fyuzi na relei (swichi ya umeme) yake. Ukipanda polepole nyuma ya trela, feni ndiyo tegemeo lako.

Themostati irudishwe. Bila hiyo injini hukaa baridi mno bondeni, hula mafuta zaidi na oili huchafuka haraka. Kabla ya kuifunga, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, upashe moto. Ya 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, yaani kabla maji hayajatokota. Yakitokota nayo bado imefumba, nunua nyingine.

Acha maji ya bomba, maana huleta kutu na ukoko wa chumvi. Mfumo wako unachukua lita 5 hivi: nusu kulanti (dawa ya kupozea injini), nusu maji yaliyotoneshwa, isipokuwa kopo linasema imeshachanganywa. Usichanganye rangi mbili. Kulanti ni sumu tamu, kwa hiyo usiiache mahali mbwa au watoto wanapofika. Ukijaza, weka hita kwenye joto la juu na uache injini ingurume kifuniko kikiwa wazi, ukiongeza kadiri kiwango kinavyoshuka, mpaka feni iwake mara 2. Hewa iliyobaki ndani huchemsha gari hata kama kila kitu ni kipya.

Hapo ndipo utakapojua habari za hedi. Ukiwasha injini baridi na hozi ya juu ikawa ngumu kama jiwe ndani ya dakika 1 au 2, au mapovu yakaendelea kutoka kwenye rejeta bila kukoma, gesi inavuja kupitia gasketi (bamba jembamba linaloziba kati ya hedi na injini) na fundi wako ana hoja. Oili ya kwenye kijiti ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hoja imetimia. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi. Safari fupi fupi asubuhi za baridi huuleta.

Mshale ukipanda tena barabarani, zima AC, fungua hita yote, egesha. Kama hakuna mvuke na feni inazunguka, acha injini ingurume. Ukiona mvuke, zima na usubiri dakika 45. Usimwagie injini maji baridi: hedi ya alumini hupinda au kupasuka hapo hapo.